Chuma Kinakula Moto

Watu wakizitazama nyota hulegea. Huanza kusema habari za utulivu, za mapenzi, za amani iliyoko huko juu. Mimi hukasirika. Nyota ni ugomvi, basi. Uzito wake wenyewe unataka kuiponda, moto wake wenyewe unakataa kupondwa, na wawili hao hawapumziki hata kidogo mpaka mmoja ashindwe. Anayeona amani huko juu hajapata kukaa karibu na tanuri la mhunzi.

Mimi nimekaa. Baba yangu alikuwa mhunzi, na kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya soko la Darajani, jirani na wauza samaki. Makelele yake hayakuwakera wao na uvundo wao haukumkera yeye. Alifua majembe, bawaba, nanga ndogo za wavuvi wa Fumba, na vyuma vya kufulia nazi. Tanuri lake lilikula makaa ya vifuu, yanayowaka kwa ukali kuliko makaa ya mti, na mivukuto yake ya kupulizia moto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi. Pembeni palikuwa na nusu ya pipa lenye maji. Humo alitumbukiza chuma chekundu ili kiwe kigumu, nacho kililia kwa sauti iliyonifanya niume meno.

Maji yale hayakumwagwa. Watu walikuja na chupa kutoka mitaa yote kuyateka. Tuliyaita maji ya chuma, na yalikuwa dawa ya mtoto aliyepauka, ya mtu aliyeshtushwa, ya mzazi aliyepoteza damu. Baba hakutoza kitu. Ilikuwa sifa yake, na sifa aliipenda kuliko chakula.

Alikuwa mtu wa hasira. Nasema hivyo kwa adabu, kwa kuwa ni baba yangu na amekwisha kufa. Bila ya adabu ningesema kwamba alimpiga mama kama alivyopiga chuma, ila chuma alikitazama kwanza kabla ya kukipiga. Na mimi hakunisahau. Tulikaa vyumba viwili vya chini katika nyumba kubwa ya Mji Mkongwe, kuta zake nene kiasi kwamba jirani hakusikia kitu, au alisikia akasingizia unene wa kuta.

Januari ya mwaka wa sitini na nne nilikuwa na umri wa miaka tisa. Siku za mwanzo za mapinduzi hatukutoka ndani. Tulisikia bunduki upande wa Ng'ambo, kisha karibu, kisha mbali tena, na mama alinilaza sakafuni chini ya dirisha. Siku baba alipokwenda kufungua kibanda alinichukua mimi nimvutie mivukuto, kwa sababu mtu wake wa kazi hakujulikana alipo. Hatujamaliza kuwasha moto, mlango ulijaa wanaume. Walikuwa na mapanga, mashoka, vyuma vya dirisha. Hawakusalimu. Mmoja alitupa panga lake juu ya fuawe, chuma cha kufulia, akasema neno moja tu: "Noa."

Baba alinoa. Alinoa mpaka la mwisho. Baina ya mapanga yale lilikuwemo moja lenye madoa, nikadhani ni kutu. Baba alilichovya ndani ya pipa, na maji yakabadilika rangi. Nilisikia harufu, nikajua si kutu, ijapokuwa harufu yenyewe ilikuwa moja. Walipoondoka baba alilipindua pipa kwa mguu, maji yote yakaenda mchangani. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akiyamwaga.

Tuliporudi nyumbani mama alikuwa hana habari ya kaka yake, aliyekuwa karani wa duka moja la Shangani. Habari ya mapanga ilikuwa imemfikia. Alimuuliza baba, kwa sauti ya chini kabisa, "Leo umewanolea akina nani?" Baba alikuwa bado ameshika koleo, lile kubwa la kushikia chuma cha moto. Alimpiga nalo usoni. Jino la mama liliruka likagonga mlango. Yeye aliliokota, akaliosha, akalifunga kwenye pembe ya kanga, akaendelea kupakua chakula. Mjomba alikuwa ameshavuka kwenda Mombasa salama salimini, lakini hilo tulilijua miezi mingi baadaye, na hapo jino halikurudi.

Kuanzia siku ile nilimchukia baba. Nilimchukia kwa moyo mkunjufu, kama watoto wengine wanavyopenda.

Mwaka wa sabini na moja nilikuwa sekondari, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mwanamke wa Kijerumani aliyeletwa kutufundisha. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko chetu, kwa hiyo tulisaidiana. Alikuwa mwembamba, mwekundu kwa jua, na alipofika kwenye somo la nyota alisahau kuwa sisi ni watoto na yeye ni mgeni, akawa anapiga meza.

Alisema hapo mwanzo vyote vilivyopo vilikuwa vimebanwa pamoja katika joto lisilosemeka, pasipo juu wala chini. Kisha vikatanuka kwa kishindo. Katika kile kishindo hamkuwa na dhahabu, hamkuwa na chumvi, hamkuwa na hewa ya kuvuta. Mlikuwa na haidrojeni, na heliamu, na chembechembe zisizofaa kutajwa. Ulimwengu mzima haukuwa na kitu cha kutengenezea hata msumari mmoja. Msichana mmoja aliuliza nani aliyeuwasha moto huo, na mwalimu akajibu, "Hilo kamuulizeni mwalimu wenu wa chuo."

Nilimuuliza kweli. Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alikuwa mzee mpole asiyependa kuharakishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwenyezi Mungu hashindwi kuumba kwa moto. Wewe soma tu, mwanangu, lakini na swala usiache." Nikatoka kwake nimefurahi, nikarudi darasani na njaa ya kusikia zaidi.

Somo lililofuata mwalimu alituambia tulete kila mtu kitu kutoka nyumbani kwao, atueleze kilizaliwa wapi. Wengine walileta chumvi, pete, kipande cha makaa. Mimi nilileta kipande cheusi cha takataka zinazobaki tanurini baada ya kufua, na nilipoulizwa jina lake nikasema kweli: mavi ya chuma. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Mwalimu alipotafsiriwa hakucheka. Alikiweka kipande kile kiganjani akatueleza kuwa nyota hukaza haidrojeni mpaka ikawa heliamu, na heliamu ikawa kaboni, na kaboni ikawa vitu vizito zaidi, na kila hatua inatoa moto, na moto huo ndio unaoizuia nyota isijiponde yenyewe. Zile kubwa huendelea hivyo mpaka zinapofika kwenye chuma. Hapo moto unakatika. Chuma hakitoi kitu. Kinarundikana moyoni mwa nyota mpaka moyo unaanguka ndani kwa kasi kuliko kupepesa jicho, halafu nyota nzima inapasuka na kutapika angani vyote ilivyovipika. "Chuma cha dunia hii kilitoka humo," alisema. "Na cha damu yenu pia."

Nilikuwa sijui kuwa damu ina chuma. Nilikumbuka pipa lililopinduliwa, nikaomba ruhusa kwenda nje.

Mchana ule nilipita kibandani. Sikuwa na kawaida ya kuzungumza na baba, lakini swali lilinishinda. Nilimuuliza kama chuma kinatoa moto.

Alicheka, jambo la nadra. "Chuma? Chuma kinakula moto. Kila kitu nnachotia humu kinatoa moto. Makaa, magogo, hata kanzu yangu ukiitia itatoa moto kidogo. Chuma peke yake mlafi. Ukikitia unaona makaa yanavokwisha, na chenyewe hakikurejeshei hata cheche moja."

Nikamweleza habari ya nyota. Alisimamisha nyundo akasikiliza, jicho moja limefumba kwa moshi. Nilipomaliza alisema, "Maskini. Kajifua mwenyewe mpaka kafika kwenye chuma." Kisha akanifukuza nikasaidie nyumbani. Nilikwenda nikiwa nimechanganyikiwa, kwa sababu kwa muda mfupi nilikuwa nimempenda.

Haikudumu. Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa foleni. Mchele foleni, unga foleni, sukari usiseme. Mama alikuwa na mimba, na mtu mwenye mimba hupangwa mstari kama mwengine. Siku moja alirudi mchana umekwenda sana, kibaba cha unga ndani ya kikapu, miguu imevimba. Baba alikuwa amerudi kula, akakuta jiko la baridi. Mama alianza kusema, "Foleni ilikuwa..." Hakumaliza. Baba alimsukuma kwa mikono miwili, na mama alianguka kwa tumbo juu ya kizingiti cha mlango, kile cha mti mzito kinachotokeza juu ya sakafu. Nilikisikia kile kishindo. Nakisikia mpaka leo nikitaka na nisipotaka.

Mimba ilitoka usiku uleule, na damu ikaendelea kutoka baada yake. Wanawake wa jirani walikuja, wakafanya wanayoyajua, wakaondoka wakitazama chini. Damu ilipungua lakini haikukoma. Mama alianza kupauka. Kwanza midomo, kisha viganja, kisha ndani ya kope. Alikuwa akishika ukuta kwenda chooni, na moyo wake ulipiga kwa nguvu hata kanga kifuani ikawa inatikisika. Nilisema apelekwe hospitali. Baba alisema hakuna haja.

Alikuwa na dawa yake. Kila siku alileta kibuyu cha maji ya chuma na kumnywesha mwenyewe, ameinua kichwa chake kwa mkono uleule uliomsukuma. Alikuwa amewatibu wake za watu, mkewe atamshindaje? Naamini alikuwa na hofu. Wakati ule sikuiona hofu, niliona kibuyu tu, na mama anayemeza kwa taabu ili asimuudhi. Nilijua anakufa. Nilijua vilevile kuwa nikimgusa kumtoa mle ndani bila ya idhini, baba ataniua mimi kwanza.

Siku aliyoshindwa kuinua kichwa, baba alikuwa kazini. Niliita wanawake wa jirani, tukampakia kwenye mkokoteni wa muuza makaa, tukamsukuma mpaka hospitali kuu. Njiani niliona watu wakisimama na kuomba dua. Walidhani tunakwenda Mwanakwerekwe, makaburini.

Daktari alimtazama kope akasema jambo moja: damu. Ametokwa na nyingi mno, hana ya kumtosha mpaka asubuhi, na akiba ya hospitali imekwisha. Atafutwe mtu wa kumpa. Mimi nilinyoosha mkono papo hapo. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita meli, alinivuta kope na mimi. "Huyu mwenyewe hana," alisema. "Jumba zima limekaushwa. Ndugu zake wako wapi?"

Ndugu zake walikuwa Mombasa. Wanawake tuliokuja nao walikuwa wamekwisha kuiona sindano, na kila mmoja akakumbuka kuwa ameacha chungu motoni. Hapo ndipo baba alipoingia.

Alikuwa na aproni yake ya ngozi, kifua wazi, masizi mpaka kwenye nyusi, na koleo mkononi. Wagonjwa waliokuwa barazani walijisogeza. Nesi alisimama mbele yake.

"Hapa hospitali, mzee, si gereji. Weka chini hicho chuma."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mkeo anakufa. Lete kidole."

Nadhani alikitoa kwa mshangao. Hakuna mwanamke aliyepata kumwamrisha vile. Walimchoma, wakaenda kupima, wakarudi wamechangamka. Damu yake inafaa.

"Inafaa nini?" baba aliuliza.

"Kutiwa mkeo."

Baba alirudi nyuma hatua nzima. "Hapana," alisema. "Haiwezekani."

Lazima nieleze, maana wasiotoka kwetu wataona ni uoga wa sindano. Baba alikuwa na makovu matatu juu ya ziwa la kushoto. Ujanani alichanjiana undugu na mvuvi mmoja wa Fumba. Walikatana kifuani kwa wembe mmoja, wakachovya vipande vya ini la mbuzi katika damu, kila mmoja akala ya mwenzake mbele ya mashahidi. Kuanzia hapo walikuwa ndugu, na si ndugu wa maneno. Yule mvuvi alipotaka kumwoza dada yake, baba alikataa, na alikuwa akimtaka mno yule msichana. Atamwoaje dada yake mwenyewe? Baadaye ndipo alipomwoa mama. Kisa hiki alikisimulia mara nyingi, kwa fahari, na mama alikuwa akikisikiliza huku anachambua mchele.

"Watoto wawili wakinyonya ziwa moja hawaoani," alimwambia nesi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hayo maziwa. Mimi kwa ini lililochovywa tu nimepata ndugu wa kufa na kuzikana. Sasa hii chupa nzima! Mkimtia mwilini mwake, atakuwa nani wangu?"

"Atakuwa hai," nesi alisema.

"Atakuwa dada yangu."

"Na akifa atakuwa nani wako?"

Baba aliendelea kukataa kwa kichwa. Ndipo niliposema mimi. Nilikuwa sijapata kumpandishia sauti mtu huyu maishani mwangu.

"Wewe ndo ulomwaga damu yake! Wewe, kwa mikono hiyo! Umemnywesha maji ya kutu mpaka kaisha, na sasa wataka ende kaburini ili abakie mkeo!"

Alinipiga. Kofi lilinitupa juu ya benchi, mdomo ukapasuka kwa ndani. Nesi alipiga ukelele. Mimi niliinuka, nikatema damu kiganjani, nikamsogezea puani.

"Nusa."

Hakujua la kufanya na mtoto aliyepigwa asiyekimbia. Alinusa.

"Nini hii?"

"Chuma," alisema. Alikuwa mhunzi; pua yake haikuweza kusema uongo.

"Hukukifua wewe. Hakikufuliwa hapa duniani. Nilikwambia kilikotoka. Kama chuma cha damu ndo kinachofanya udugu, basi wewe na mama mlikuwa ndugu kabla hamjaoana, chenu kimoja, kimetoka mahala pamoja. Na yule wa Fumba, na huyu nesi, na panga zile ulizonoa na waliokatwa nazo. Nyota ilipasuka, baba. Ilitoa kila kitu ilichokuwa nacho, haikubakisha, ndo maana sisi tupo. Wewe umeombwa chupa moja."

Mkono wake ulipanda tena. Nilifumba macho nikaungoja. Haukushuka. Nilipofumbua, alikuwa ameushikilia hewani anautazama, masizi yake, kucha zake zilizoungua, na uso wake ulikuwa umeharibika kama uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Aliketi kwenye benchi. Koleo lilimtoka likalia sakafuni.

"Ilipopasuka," aliuliza, "hapana kilichobakia?"

"Kidogo tu. Kitu kidogo, kizito sana, hakiwaki tena."

"Basi haya." Alivua aproni. "Nchomeni. Lakini mjue mnalolifanya. Mnaniachanisha na mke wangu."

Alilala kwenye kitanda cha nesi, mkono umenyooshwa, akaitazama damu yake ikiteremka ndani ya chupa. Alilia bila ya kujificha. Mtu yule aliamini kwa dhati kuwa kila tone linampokonya mkewe. Alikuwa akitoa talaka kwa mshipa, na hakuondoa mkono. Nilikuwa nimesimama pale na mdomo uliovimba, namchukia na kumwonea huruma, vyote viwili kwa nguvu moja, na sikujua niviweke wapi.

Mama alipona. Ilichukua wakati, lakini viganja vyake vilirudiwa na rangi, na siku aliyoomba pilipili kwenye mchuzi nilijua amerudi mzima.

Alipofika nyumbani alikuta mkeka wa baba haupo. Baba alikuwa amehamia kibandani, analala karibu na tanuri. Asubuhi alileta samaki, akamweka mlangoni, akabisha hodi kama mgeni. "Dada," aliita, "nimeleta changu wa kukaanga." Mama alitazama mlango, akanitazama mimi. Nilikwisha kumweleza yote yaliyotokea, lakini kusikia ni jambo jingine.

Na hakumpiga tena. Nalisema kwa haraka kwa sababu lilitokea kwa urahisi hivyo. Chakula kilichelewa, hakusema kitu. Foleni zilikuwa zilezile, hasira yake ilikuwa ileile, nami niliiona ikimpanda shingoni, mishipa imesimama. Aligeuka akaenda kibandani, na mtaa mzima ukasikia fuawe ikipata mapigo. Mimi alinipiga mara moja tu baada ya hapo, kofi la nusu nusu, akaomba radhi kwa mama, si kwangu. Mama alianza kuimba jikoni. Nilikuwa sijui kuwa ana sauti.

Lakini alikuwa mtu wa dini, na jambo lilimkaa rohoni. Je, yeye ni mke wa mtu au si mke? Yule mwanamume anamlisha kwa haki ipi? Kama ni haramu, ni lazima aseme, ahame, aende kwa kaka yake Mombasa. Na kama ni halali, ni lazima amwambie mumewe vilevile. Alasiri moja alijitanda buibui akaniambia nimsindikize kwa mwalimu wa chuo, yuleyule mzee mpole niliyemuuliza habari ya moto wa mwanzo. Sikujua anaogopa jibu gani, nadhani hata yeye hakujua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Bi. Karibuni."

Mama alieleza yote, ameinamisha kichwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Damu si maziwa, Bi," alisema. "Na hata maziwa, ni ya mtoto mchanga. Mtu mzima akitiwa damu kwa kuponywa, haiharamishi kitu. Wewe ni mke wa mumeo kama ulivokuwa."

Mama alivuta pumzi ndefu. Mzee akasita, akakuna ndevu.

"Nlidhani unajua. Mumeo keshakuja kuniuliza zamani. Alikuja wewe hata hujatoka hospitali. Nkamwambia haya haya, mkeo halali yako, mshukuru Mungu. Tena baadaye nkasikia anakwita dada, nkamwita nkamkataza. Nkamwambia makuruhu, mtu hamwiti mkewe hivo. Kanisikiliza, kashukuru, kenda zake."

Tulitoka. Mama alitangulia, na mimi nilikuwa natokota nyuma yake. Alikuwa anajua! Miezi yote ile, hodi za mlangoni, mkeka wa kibandani, samaki, na anajua. Tulipofika Darajani baba alikuwa anafua jembe. Alituona, akafuta jasho kwa mkono, akasimama upande wa pili wa fuawe.

"Dada, mnatoka wapi na jua hili?"

Nilifungua mdomo. Mama alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua kuwa amezipata, na zilikuwa zake na za baba pamoja.

"Tulikwenda kutembea, kaka," alisema. "Tunarudi nyumbani."

Baba alitikisa kichwa, akarudi kwenye jembe lake. Tulipokwisha kupita kona nilijinasua. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimwambie nini? Anajua."

"Basi kwa nini wewe..."

"Mke wake kampiga miaka yote ile," mama alisema. "Dada yake hajamgusa."

Kisha akaniambia nipite kwa muuza makaa, ya nyumbani yamekwisha.